Kitabu cha Pweza

Severa anauza vitabu vya watoto Mtaa wa Msimbazi, na vyote ni vya mambo ya kweli. Wanyama wanaoongea, anasema, watoto watakutana nao ukubwani, kwenye kampeni.

Juzi alirudi Ghanim, muuza pweza wa soko la samaki la Feri. Binti yake alikuwa hataki kusoma kabisa, na safari iliyopita Severa alimchagulia kitabu cha pweza.

"Dada Severa, umeniharibia nyumba! Mtoto kasoma kwamba pweza ana mioyo mitatu, sasa kila nikileta kitoweo analia mezani!"

Severa akanyoosha mkono kinyonge, arudishiwe kitabu chake.

"Unadai nini? Analala nacho! Nipe kingine, ila kisiwe cha kitu tunachokula."

Severa akamfungia cha sayari.