Kwaya ilimnyang'anya Faustin vikwembe kwa sababu ya sura moja ya riwaya yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia. Nitasimulia yaliyotokea mbele ya macho yangu, na sehemu yangu ya aibu sitaificha.

Mimi ni mwandishi. Tuna kikundi cha kusomeana kila Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Lumumba.

Siku hiyo nilisoma sura ya riwaya yangu. Fundi cherehani anampenda mwanaume mwenzake, kimya kimya, miaka mingi, bila hata kumgusa mkono.

Hakuna tusi humo, wala kitanda. Ni upendo tu, umesimama nje ya mlango kama mtu aliyenyeshewa.

Kosa langu ni hili: fundi wa kitabu nilimpa tabia za jirani yangu Faustin. Faustin huchomeka pini kwenye kola ya shati lake, na huimba besi huku akikupima mabega. Nusu ya mtaa amewashonea yeye.

Sijafika ukurasa wa pili, ukumbi ukaanza kunong'ona.

Jumatatu nilikuwa kibandani kwa Faustin, akaingia Mama Prezida, kiongozi wa kwaya anamoimba Faustin. Walikuwa wamemwachia vikwembe, yaani vitenge, ashone sare za Pasaka.

"Faustin, leta vikwembe vyetu."

"Mama, nguo za masoprano zingali bila mikono."

"Leta vile vile. Siye tunaimbia Mungu. Na Jumapili usikuje."

"Nimekosa nini?"

"Weye unajua. Bunia yote inajua."

Nikaruka. "Mama, ule mutu ni wa kitabu! Ni mimi nilimutunga!"

"Ulimutunga na pini zake?"

Basi nikainua mkono niape kwamba Faustin si mtu wa namna ile. Faustin akaushusha polepole.

"Usiape, dada. Ukiapa kwamba siko vile, ni kusema kama niko vile, basi wako na haki ya kunifanya hivi."

Kisha akazipiga pasi zile nguo zisizo na mikono, moja moja, kwa pasi ya makaa. Akakunja vizuri, akampa.

Wakuu, hasira yangu haijapoa! Hakuna hata mmoja aliyedai Faustin amemwumiza mtu. Kikundi nacho kinaniomba nimgeuze yule fundi awe mwanamke, tusije tukanyimwa ukumbi. Nimekataa.

Pini nimezifuta. Zilikuwa za Faustin, na sikumwomba ruhusa. Upendo siufuti.

Nilichojifunza: mimi niliyejiita mtetezi, utetezi wangu wa kwanza ulikuwa kuapa kwamba "si mmoja wao". Nilikuwa upande wa Mama Prezida bila kujua.

Jana nilipita kwake. Cherehani ilikuwa inalia. Yeye haimbi.

Uwanja ni wenu, nikosoeni, hata kunitukana ruhusa. Ila anayekuja kumhukumu Faustin, aandike kwanza: alimkosea nani?