Beseni langu la mwarobaini

Jamani, leo nimejua kwa nini fangasi za miguu yangu haziponi.

Miezi sita naloweka miguu kwenye maji ya mwarobaini. Nimeongeza chumvi, nimeongeza kitunguu saumu. Zinapotea wiki moja, zinarudi. Nimechoka.

Mama mkwe ndiye anayenichemshia. Kila nikitoka sokoni nakuta beseni tayari, maji vuguvugu. Namwombea dua, mwenzenu.

Leo nimewahi kurudi. Namkuta katumbukiza miguu kwenye beseni langu, na vidole vyake vimebabuka kuliko vyangu!

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Zuhura. Maji ya hapa Newala unayajua, hayamwagwi ovyo. Subiri baba yako naye aloweke, halafu wewe, kama siku zote."

Ungekuwa wewe ungemjibuje?

Mimi nimevua viatu, nimekaa.