Mgando Tu

Uso wangu ulipoanza kuwasha na kubabuka mashavuni, Kimara nzima iligeuka kuwa madaktari wa ngozi. Muuza duka la dawa alinipa tyubu bila kuinua macho kwenye simu yake. Jirani alisema ni fangasi. Fundi cherehani aliyekuwa akinishonea sare alisema ni ini, akaendelea kunipima kiuno.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa na jibu la uhakika zaidi. Alikuwa amekuja kutoka Masasi, kabla uso wangu haujaanza kuwasha, kusaidia maandalizi ya sendoff, sherehe ya kumuaga mdogo wangu kabla ya harusi, akawa analala chumbani kwangu, na haikupita siku nyingi akawa anaiongoza kamati.

"Huyu anajichubua," aliwaambia wanakamati, nami nikiwa jikoni nasikia kila neno. "Na picha zinabaki, jamani. Upambe apewe mwingine, yeye tumweke kwenye chakula."

Mimi ndiye niliyepangwa kuwa mpambe. Mdogo wangu nimembeba mgongoni, nimemsuka, nimemficha asichapwe. Siku yake nilitaka kuwa ubavuni kwake, si nyuma ya sufuria. Mama alinyamaza. Kimya chake kiliniuma kuliko mashavu.

Nikaenda Boko, kwenye kliniki ya ngozi yenye sofa nyeupe. Msichana mwenye koti jeupe alinionyesha vifurushi, kama vya simu: cha wiki, cha mwezi, na cha bibi harusi.

"Daktari yuko wapi?" nikauliza.

"Sista, relaksi, mie ndo nakuhudumia."

Nililipia kumwona daktari, nikaonana na mashine ya mvuke. Nilitoka nimechemka kama kiazi, na muwasho wangu nikarudi nao nyumbani.

Basi nikaamua kwenda hospitali kubwa mjini, ambako bingwa wa ngozi huonekana siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo anatafutwa na jiji zima. Dirishani nikatoa kadi ya bima. Karani akaisukuma nyuma.

"Dada, bima hailipii urembo."

Nikamsogezea shavu kwenye kioo, nikamwomba anionyeshe huo urembo uko upande gani.

"Usinitanie. Keshi au kwa simu?"

Nikalipa. Bingwa mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, miwani puani, asiye na haraka. Nikamwamkia. Akaniinua kidevu, akanitazama, akauliza napaka nini.

"Mgando tu, daktari. Haya mafuta ya kawaida ya nyumbani."

"Kila anayekaa kwenye hicho kiti anapaka mgando tu. Njoo nalo hilo kopo."

Wiki iliyofuata nikarudi nalo, na kurudi nako kulikuwa na bei yake. Alifungua, akanusa, akapaka kidogo kwenye karatasi.

"Mwanangu, huu ni mkorogo wa kuchubua ngozi. Ndio unaokuunguza."

Nilitaka kubisha, kisha nikawaza makopo ya nyumbani. Kwetu kopo halitupwi. La siagi lina chumvi, la aiskrimu lina dagaa, na hakuna anayeamini maandishi ya nje. Nami mafuta nilijipaka kila asubuhi gizani, kwenye kopo lililokaa dirishani, na tangu shangazi ahamie, pale dirishani kulikuwa na makopo mawili yanayofanana. Nikaukumbuka uso wake, uliozidi kung'aa kila wiki, naye akisema ni damu ya babu.

Nikafika nyumbani kamati imekaa sebuleni. Nikawaamkia wakubwa wote, kisha nikaweka kopo mezani, katikati ya soda.

"Shangazi, samahani. Kumbe nilikuwa napaka mafuta yako. Daktari kasema ndiyo yaliyoniunguza."

"Yangu?" akaruka. "Mie napaka mgando tu!"

Wote walikuwa wanaitazama mikono yake iliyokuwa mezani: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi ti. Akaiingiza polepole chini ya kanga.

Ndipo mama akafungua kinywa.

"Mpambe ni mwanangu, na mashavu yake hivyohivyo. Na kwenye chakula, wifi, bado tunahitaji mtu. Utapakua wewe."

Siku ya sendoff nilisimama ubavuni kwa mdogo wangu, nina mabaka, na kwenye kila picha ninacheka. Shangazi alipakua pilau jioni nzima akiwa amevaa glavu. Wageni walimsifu sana kwa usafi.