Maji Niliyoyaona Kwenye Sayari, Yakanifikisha Shambani Kwamsisi

Jamani, aibu hii nimeificha vya kutosha, acha niiseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mama yangu (yeye huongeza chumvi).

Nasoma shahada ya pili ya fizikia, nakaa Korogwe, na kazi yangu ni kukisia hewa ya sayari za nyota za mbali. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo wa nyota hupenya kwenye hewa ya sayari, na kila gesi humeza rangi zake, kwa hiyo tukipima rangi zilizopungua tunajua gesi ipi ipo. Ijumaa moja mchoro wangu ukaonyesha mvuke wa maji. Kulikuwa kumebaki kukagua madoa ya nyota (sehemu zake zilizopoa, ambazo nazo huweza kuwa na mvuke), kazi ya siku mbili tu, lakini mimi na kiherehere changu nikampigia mama kwanza.

Mama yuko Kwamsisi, huko Handeni, ambako kiangazi maji ni ya kutafuta kwa baiskeli. Akawaambia majirani, wao wakamwambia mwenyekiti wa kijiji, na Jumapili nikaitwa kwenye dua ya shukrani, pilau imeshaiva, mwenyekiti akasimama mbele ya watu wote.

"Binti yetu ameona maji huko kusikofikika. Ya hapa yatamshinda? Twende akatuonyeshe pa kuchimba kisima!"

Nikajaribu kueleza, vigelegele vikanizima, na (Mungu anisamehe) nikajikuta natangulia mbele ya msafara, nimeshika kidevu kama mtaalamu.

Tumefika shambani, ujumbe wa msimamizi wangu wa chuo ukaingia kwenye simu: amekagua madoa, mvuke ule ni wa nyota yenyewe, uko kwenye madoa yake yaliyopoa, sayari tusiisingizie. Majembe yalishainuliwa, na nikinyamaza watu watachimba siku nzima bure.

"Subirini," nikasema. "Maji sikuyaona, nilikosea. Na ya chini ya ardhi siyajui kabisa. Mwenyekiti, naomba radhi."

Nilidhani mama atazimia, kumbe akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, hapa tumechimba visima viwili vikatoa vumbi, na cha tatu tutachimba. Hiyo sayari yako haipiti tena?"

"Inapita kila baada ya siku nne, mama."

"Basi rudi ukaiangalie. Ila kula pilau kwanza."

Nimeapa sitampigia mtu simu kabla sijayatoa madoa kwenye vipimo. Vipimo vipya vimekuja, madoa nimeyatoa, na juzi imejitokeza alama nyingine, ya hewa ya ukaa, ndogo lakini kila nikirudia bado ipo. Mama ameshapiga mara tatu leo. Sipokei.