Vikapu vya Mashoto

Mtaa mzima ulimwita Mashoto, kwa kuwa sindano aliishika kwa mkono wa kushoto tangu utotoni, na hata viboko vya marehemu mama yake havikuuhamisha mkono ule. Ndiyo maana mishono ya vikapu vyake ilizunguka kinyume na ya wenzake. Ukianzia kitakoni ukaufuata mshono kwa kidole, kidole kinakwenda upande usioutarajia.

"Shoga, nikibeba kikapu chako si kitanirudisha kwa mume wangu wa zamani!" walimtania sokoni.

"Ukifika, msalimie."

Miaka miwili iliyopita mke wa mwanawe alifungua duka la mtandaoni la kuuzia vikapu hivyo. Alijipiga picha, kikapu begani, meno yote nje, na chini yake akaandika: Nashona kwa mikono yangu mwenyewe. Mashoto alipouliza, mwanawe ndiye aliyejibu.

"Mama, huko watu wananunua kwa macho. Wanataka sura."

"Na hii yangu ni nini, kisogo?"

Wakacheka. Naye akacheka, maana kicheko kilishaanza.

"Duka likikua tutakuweka na wewe," mwanawe akaahidi.

Duka likakua. Wateja wakaandika, mkwe akawasoma kwa sauti: "Vidole vyako vimebarikiwa, dada!" Akawa anaitikia peke yake, "Asanteni jamani," huku Mashoto, kwenye mkeka, akinyonya kidole kilichochomwa na sindano.

Kisha wenye mtandao uliobeba duka lile wakataka video ya fundi akiwa kazini, wahakikishe si kazi ya mashine. Mashoto akamfundisha mkwe mizunguko mitatu tu, kwa mkono wa kulia. Wakapiga video, wakakata, wakaunganisha na kikapu cha Mashoto kilichokwisha kukamilika. Ikapita.

Wiki ya tatu baada ya video, mteja mmoja wa mbali, fundi wa vikapu naye, akaandika. Mkwe alianza kusoma kwa sauti kubwa, ikawa inampungukia njiani: "Kwenye video unashona kwa mkono wa kulia. Kikapu changu kimeshonwa na mtu wa mkono wa kushoto. Nimekaa nacho jioni nzima nikiufuata mshono wake. Ningependa kumjua."

Mashoto aliweka sindano chini. Mishono ile hakuna aliyewahi kuifuata ila yeye mwenyewe.

"Mwandikie ni mama mkwe wako. Basi. Sitaki kingine."

"Mama, tutaonekana waongo."

"Kwani sasa hivi ninyi ni nani?"

Mwanawe aliangalia ukuta, kisha akamwambia mkewe, "Mwandikie." Vidole vya mkwe vikacheza juu ya simu. "Tayari," akasema.

Siku mbili Mashoto alitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya. Hata kikapu alichokuwa nacho mkononi alikifumua mara mbili, mshono haukumridhisha, na sasa alijua kwamba huko vinakokwenda yuko mtu anayejua kutazama.

Siku ya tatu akamwambia mkwe, "Hebu nionyeshe nilivyoandikwa." Mkwe alikuwa na povu la kufulia hadi viwikoni, akasema simu iko mezani, halafu akakumbuka, akaja mbio. Alichelewa. Mashoto kusoma alijua, polepole, herufi baada ya herufi: Asante mpenzi. Mimi Mungu kanijalia, natumia mikono yote miwili.

Chini yake yule mteja alikuwa ametuma mioyo mitatu.

Mashoto aliinuka. Alikichukua kikapu ambacho hakijaisha, sindano ikining'inia, akakiweka kwenye mikono ile yenye povu.

"Malizia, mwenye mikono miwili."

"Mama, oda ni ya Ijumaa!"

"Nenda kaishone basi."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Ijumaa ikapita. Mwanawe aligonga, akabembeleza, mwisho akakasirika. "Riziki yetu yote unaivunja kwa sababu ya jina tu?" Chumbani Mashoto akajiuliza: Kama ni jina tu, mbona hawakulitaja?

Jumamosi mkwe alijifunga bandeji mkono wa kulia, akajipiga picha, akaandika: Fundi wenu nimeumia kidogo. Nisubirini.

Pole zikaanza kumiminika. Simu ililia sebuleni kutwa nzima, na nyuma ya ukuta Mashoto alikaa kitandani, mikono yake mizima mapajani, akizisikia zinavyoingia, moja moja.