Mkaguzi na Nyasi za Ndama

Mzee Kisemei, mfugaji wa Handeni, mtu ambaye ng'ombe wake humtambua kwa kikohozi tu, alishindwa na sungura. Ndiyo, sungura, tena mmoja, tena wa kufugwa ndani.

Sungura huyo walipewa na Mama Rubab, mwenye duka na mwenye chumba walichopanga pale Korogwe, ili amchangamshe Sipora, mke wa Kisemei. Sipora alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na daktari hakutaka kusikia habari za safari ya Handeni mpaka mama arudishe mwili. Kwa hiyo Kisemei akamwachia mwanawe Keriako ng'ombe, akajifunza kusonga ugali uzeeni. Kila siku alimwekea mkewe ugali na maziwa, akatoka nje. Alivyolelewa, mume na mke hawatazamani wakila. Kwa miaka arobaini hakuwahi kumwona Sipora akitafuna. Akirudi, sahani nyeupe. Moyo ulitulia, lakini mifupa ya mabega ya Sipora ilizidi kuchomoza, na hilo lilimnyima raha kabisa.

Na huyo sungura sasa! Akiwekewa majani makavu ananusa, anageuza mgongo. Wakambandika jina la Mkaguzi. Julius, bwana mifugo, alionya kwamba sungura asipotafuna majani makavu kutwa nzima meno hurefuka na tumbo hugoma, na akifa wasishangae. Kisemei aliona jinsi Sipora alivyomkumbatia yule mnyama kusikia hivyo. Akaapa kwamba Mkaguzi hafi mikononi mwake.

Basi akahangaika. Akaleta majani ya kando ya reli, wapi. Akayakausha kivulini yabaki na harufu, wapi. Mwishowe akapanda basi hadi Handeni, akakata nyasi zilizotengwa kwa ajili ya ndama, zile ambazo hata ng'ombe wakubwa hawazigusi, Keriako akimtazama baba yake kama mtu aliyerukwa na akili. Akarudi na furushi begani, abiria wakimcheka. Mkaguzi akanusa, akageuza mgongo. Kisemei alitamani kulia, mtu mzima yule.

Julius alipoitwa tena alimbonyeza sungura tumbo, akasema huyu hana njaa, kuna mtu anamshibisha. Kisemei akamshuku Mama Rubab na biskuti zake. Mchana ule alipotenga chakula akatoka, akikusudia kwenda dukani kumwomba aache. Kufika barazani akakumbuka fimbo yake, akarudi ndani bila kubisha hodi.

Sipora alikuwa amekaa sakafuni, anamega ugali, anachovya kwenye maziwa, anampa Mkaguzi.

Hasira ilimpanda Kisemei, ikashuka kabla haijafika mdomoni, maana aliona jinsi mkono wa mkewe ulivyokonda.

"Mama Keriako, tangu lini?"

"Tangu tumekuja." Sipora hakuinua uso. "Matonge mawili matatu yanapita, basi. Nyumbani nakula na wanawake wenzangu, tunacheka. Hapa unaniwekea sahani, unafunga mlango. Sikutaka uone nimebakisha, ukaogopa."

Kisemei akaegemeza fimbo ukutani. Akapakua kilichobaki sufuriani, akakaa chini mbele ya mkewe, magoti yakimuuma. Aliona aibu kama bwana harusi. Akamega tonge, akala, mkewe akimtazama. Kisha akamsogezea sahani, naye akamega.

Mkaguzi alizunguka miguuni mwao, akanusa mkono huu na ule, hakupewa kitu. Akanuna mpaka jioni. Walipokaa tena kula, wote wawili, wakasikia kutoka kwenye furushi la nyasi za ndama mtu anatafuna, kra kra kra, bila kupumzika.

Sipora akacheka. Kisemei hakuwa amekisikia kicheko kile tangu hospitali, na macho yakamlowa, wala hakuyaficha. Mkewe akatafuna tonge lake taratibu, akameza, akamtazama.

"Baba Keriako," akasema kwa upole, "huu ugali wako ni mbichi."

Miezi miwili alikuwa akiusonga hivyo hivyo, na hakuna aliyemwambia.