Nilihifadhi majibu ya visa kama sura ya chuoni, nikanyimwa

Salaam wakuu.

Kosa langu naliweka hapa juu kabisa, ili asiyefika chini aondoke nalo: majibu ya mahojiano ya visa niliyahifadhi neno kwa neno, kama tulivyohifadhi sura za Kurani chuoni tukiwa watoto. Haya yamenikuta mwenyewe, na sipunguzi kitu ili nionekane mjanja.

Mimi ni kijana wa Buyenzi, Bujumbura. Baba ni fundi magari, nimekulia garajini kwake. Umeme wa magari nimejifunza mwenyewe kwenye video, Kiingereza vilevile.

Nikapata admission chuo kimoja Ulaya kusomea magari ya umeme, na ufadhili juu. Ikabaki visa tu.

Sasa wakuu, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga nati naifungua tena kuhakikisha nimeifunga.

Nikakusanya maswali yote niliyoyaona mitandaoni, nikayaandikia majibu ya Kiingereza kilichonyooka, nikayahifadhi. Mliopita chuo cha Kurani mnaelewa: ukihifadhi hivyo unatiririka vizuri, ila ukikatizwa katikati umepotea. Lazima urudi mwanzo.

Ndicho kilichonipata. Afisa wa ubalozi, mama mpole tu, aliniuliza kwa nini nimechagua fani ile. Nikaanza kutiririka kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Katikati akanikatiza: "Gari la mwisho ulilotengeneza lilikuwa na tatizo gani?"

Swali la garajini, wakuu! Ningelijibu hata usingizini. Lakini halikuwemo kwenye niliyohifadhi. Mdomo ukarudi wenyewe kwenye sentensi ya kwanza ya tabianchi.

Akafunga faili langu.

Nikanyimwa. Sababu: hawakuridhika kwamba nia yangu ni masomo. Nikajifungia chumbani nikisingizia tumbo.

Chuo kilikubali kunisubiri hadi muhula unaofuata. Baada ya hapo, nafasi na ufadhili anapewa mwingine. Yaani nilibakiwa na jaribio moja.

Aliyeniokoa ni dada yangu Zuhura, anayeuza vipuri pembeni ya garaji. Nilimsomea majibu mapya niliyokuwa nimeshaanza kuyaandika. Akasikiliza kidogo, akanikata:

"We Sudi, unaongea na mutu ao unasalisha tarawehe?"

"Dada, nisipohifadhi nitasahau."

"Utasahau nini? Jina ya baba yako?"

Akanipokonya karatasi, akafungia plagi za mteja. Nikaiangalia tabianchi yangu ikiondoka na mteja huyo, mtu wa mtaa wa Jabe.

Kuanzia hapo Zuhura akawa ndiye afisa wa ubalozi. Nikiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, anapaza sauti kutoka dukani, ananiita bwana kwa Kifaransa: "Musyu, tukikupa visa utarudi kweli?"

Mafundi wa jirani wanadakia: "Apana, huyu harudi! Ataoa muzungu!"

Garaji zima linacheka, nami natakiwa nijibu bila kuacha kazi, tena kwa Kiingereza. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaona kwamba mikono ikiwa na spana, naongea kama mtu wa kawaida.

Siku ya mahojiano ya pili nilimkuta afisa mwingine, mwanaume. Akaniuliza: "Umeme kwenu unakatika. Magari ya umeme ya nini?"

Hili nalo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikamwambia, naomba nifikirie kidogo.

Kisha nikamweleza ninayoyaona. Mafuta yakikosekana mjini, garaji la baba linajaa magari mazima yaliyolala tu. Wenye uwezo wameanza kuleta ya haibridi, yanayotumia mafuta na betri pamoja, lakini betri ikichoka hakuna wa kuifungua. Moja liko uani kwetu, kuku wanalala ndani. Mwenye gari anapita kila Ijumaa akitoka msikitini kuuliza, na baba anamjibu: "Ngoja mutoto akasome."

Kiingereza changu kilikuwa na makosa, niliyasikia yakitoka. Sikurudi nyuma kuyasahihisha.

Afisa akacheka. "Kwa hiyo gari linakusubiri wewe?"

"Ndiyo. Na mwenyewe anazidi kukasirika."

Visa ikatoka.

Naandika haya nikiwa chuoni huku Ulaya, mwaka wa kwanza. Zuhura kanitumia sauti juzi: mwenye gari kapita tena, safari hii hakuyadai mayai ya kuku waliopanga ndani ya gari lake, kamwachia baba ayale.

Kwa anayejiandaa: jua kwa moyo unachokwenda kusomea na kwa nini, maneno yatakuja yenyewe, hata yakiwa yamepinda. Na tafuta mtu wa kukukatiza kabla ubalozi haujakukatiza. Mliopita huko, nyie mlikwama swali gani? Nitasoma yote, hata ya kunicheka.

Nati bado nazifungua tena kuhakikisha. Ila majibu sihifadhi tena: nikiulizwa nafikiri kwanza, na nisipojua nasema sijui.